Kusoma Barua Pepe kwa Masikio

Taarifa ya benki, majibu ya maombi ya kazi, matokeo ya vipimo vya hospitali: mwenye macho huyasoma haya peke yake, kisha akaamua mwenyewe amweleze nani na lini. Asiyeona wa Mbinga au wa Mbamba Bay mara nyingi hana nafasi hiyo. Barua yake husomwa na mtoto wa darasa la sita au kijana wa stesheneri, na jioni majirani wameshajua kwamba mkopo umekataliwa. Mwongozo huu unataka jambo moja tu: barua yako uisome wewe kwanza.

Wanaohusika huku kwetu si wachache. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayojulikana kwa usubi, ugonjwa unaoweza kupofusha, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, ndiyo maana dawa ya Mectizan hugawiwa vijijini. Wapo waliopoteza uoni kwa mtoto wa jicho, kwa presha ya macho, kwa kisukari. Wengi wao walifundisha, waliweka vitabu vya chama cha ushirika, waliandika barua za ofisi miaka mingi. Kusoma na kuandika wanajua. Wanachohitaji ni njia nyingine ya kuyafikia maandishi.

Kuchagua chombo

Kitochi hakitakufaa hapa. Unahitaji simu janja au kompyuta. Simu nyingi za Android huja na kisoma skrini kiitwacho TalkBack, na iPhone imekuwa na VoiceOver tangu 2009. Kwenye Android, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuongeza sauti na cha kupunguza, uvishikilie kama sekunde tatu. Mara ya kwanza simu itauliza kama unakubali, kwa hiyo awepo mtu wa kukusaidia siku hiyo. Kwenye kompyuta ya Windows weka NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akashirikiana na James Teh, wote wawili wasioona, na hadi leo hutolewa bure. JAWS ni ya zamani zaidi na ni nzuri, lakini inauzwa, na anayeanza hana haja ya kuingia gharama hiyo.

NVDA ina faida moja ambayo ningependa kila mtu aijue: unaweza kuiweka kwenye flashi ikafanya kazi humo humo bila kusakinishwa. Ukifika kwenye kompyuta ya shule au ya ofisi fulani Songea, unachomeka flashi yako, unaifungua, kompyuta inaanza kusema. Ukimaliza unachomoa na hujabadilisha chochote cha wenyewe.

Kwa maoni yangu simu ni ya kupokea na kusoma, kompyuta ni ya kujibu kwa kirefu na kushughulikia viambatisho. Mwenye simu pekee asijizuie, lakini akipata kompyuta hata mara moja kwa wiki ataona tofauti.

Sauti kabla ya yote

Kinachowakatisha tamaa wengi ni barua ya Kiswahili kusomwa na sauti ya Kiingereza. Maneno hupindwa, irabu hubadilishwa, na jina la kijiji linatoka usilolijua. Usijifunze kuvumilia hali hiyo. Irekebishe siku ya kwanza. Kwenye Android ingia Mipangilio, sehemu ya ufikivu, tafuta mahali pa sauti ya kusoma maandishi, chagua Kiswahili na upakue sauti yake ukiwa na mtandao mzuri. Ukishaipakua haihitaji bando tena. Kwenye NVDA, sauti ya eSpeak NG imo tangu mwanzo na inajua Kiswahili. Ni sauti ya mashine, haina utamu, lakini hutamka kila silabi na huendelea kueleweka hata ukiiongezea kasi. Kivinjari cha Edge nacho kina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, zenye matamshi mazuri sana. Hizo zinahitaji intaneti, na kazi yake ni kukusomea ukurasa tu. Hazikuambii uko wapi wala kitufe gani kiko mbele yako, hivyo hazichukui nafasi ya kisoma skrini.

Barua zetu huchanganya lugha: salamu kwa Kiswahili, maelezo ya benki kwa Kiingereza. Kwa NVDA, shikilia kitufe cha NVDA (yaani Insert, au Caps Lock ukichagua hivyo) pamoja na Control, kisha mshale wa kulia au kushoto ukupeleke kwenye kasi, sauti, kimo. Mshale wa juu au chini hubadilisha. Zoea kubadili sauti katikati ya barua bila kufungua menyu yoyote. TalkBack nayo ina kipengele cha lugha kwenye vidhibiti vyake vya kusoma.

Kisha ingia kwenye menyu ya NVDA, kwa NVDA na herufi N, utafute kamusi za matamshi. Humo unaiambia programu kwamba neno fulani likitokea ilisome namna nyingine. Barua za ofisi zetu zimejaa vifupisho ambavyo mashine haivijui. Andika kwamba YAH isomwe "yahusu", S.L.P. isomwe "sanduku la posta", Kumb. Na. isomwe "kumbukumbu namba", Tsh isomwe "shilingi", na ile alama ya /= inayofuata kiasi cha fedha isisomwe kabisa. Kazi hii ni ya nusu saa tu, na baada yake barua ya halmashauri inaanza kusikika kama alivyoiandika mwenyewe.

Kujua cha kuruka

Mwenye macho hasomi kikasha chake chote. Hutupia jicho, akaona majina mawili anayoyajua, akaacha mengine. Mgeni wa kisoma skrini hudhani yeye lazima asikilize kila neno toka juu hadi chini, naye huchoka kabla ya barua ya tatu. Ustadi wote wa kusoma kwa masikio uko hapa: kukatiza. Ukishasikia jina la mtumaji na ukajua humtaki, sogea kabla sauti haijamaliza. Kwenye kompyuta kitufe cha Control hunyamazisha papo hapo. Kwenye simu, kuteleza kidole kwenda kitu kinachofuata hukatiza kinachosemwa.

Fungua programu ya Gmail kwenye simu ukiwa na TalkBack. Teleza kidole kimoja kwenda kulia, na kila barua itasomwa kama kitu kimoja: haijasomwa, jina la mtumaji, kichwa cha barua, maneno machache ya mwanzo, saa. Gonga mara mbili popote kwenye skrini kuifungua. Ndani ya barua, fungua menyu ya TalkBack kwa kuteleza kidole chini kisha kulia bila kukiinua, uchague kusoma mfululizo. Barua unayotaka kuifuta au kuiweka kwenye kumbukumbu huna haja ya kuifungua. Menyu hiyohiyo ina vitendo vya barua uliyosimama juu yake.

Jambo moja ninalolisisitiza: kwenye mipangilio ya Gmail zima mwonekano wa mazungumzo. Huo hukusanya barua na majibu yake yote chini ya kichwa kimoja, na kwa macho ni nadhifu. Kwa sikio ni msitu. Unafungua jibu la leo unakutana na maneno ya mwezi uliopita. Ukiuzima, kila barua inasimama peke yake na tarehe yake.

Kwenye kompyuta, Gmail ya kivinjari ina mtego unaowasumbua hata wazoefu, na inafaa tukae hapo kidogo. NVDA ina hali mbili. Katika hali ya kusoma, herufi za kibodi ni amri za NVDA: H hukupeleka kwenye kichwa kinachofuata, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe, T kwenye jedwali, E kwenye kisanduku cha kuandikia. Katika hali ya kuandika, herufi hupitishwa moja kwa moja kwenye ukurasa. Sasa Gmail nayo ina njia zake za mkato, ukiziwasha kwenye mipangilio: J na K kwenda barua inayofuata na iliyotangulia, C kutunga, R kujibu, F kusambaza, U kurudi kwenye orodha, alama ya mkwaju kutafuta. Umeona tatizo. Herufi K ni kiungo kwa NVDA na ni barua kwa Gmail, na inayoshinda ni ile ambayo hali yake imewashwa. Mtu anabonyeza R akitegemea kujibu, kisoma skrini kinamtupa mahali pengine ukurasani, anadhani kompyuta imeharibika.

Dawa yake ni NVDA pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, ambacho hubadili hali. Kila ikibadilika NVDA hutoa mlio, na milio hiyo miwili haifanani. Kaa ukibadilisha na kusikiliza mpaka sikio litambue bila kufikiri. Kwenye orodha ya barua tumia hali ya kuandika, ili J na K ziwe za Gmail. Barua ikifunguka, rudi hali ya kusoma, bonyeza NVDA na mshale wa chini, isomwe yote. Ukihitaji kupitisha herufi moja tu kwa Gmail bila kubadili hali, bonyeza NVDA na F2 kwanza, kisha herufi yenyewe.

Zamani Gmail ilikuwa na ukurasa mwepesi wa maandishi, wasioona wengi waliutegemea kwa sababu ulifunguka hata kwenye mtandao wa kubahatisha. Google iliuondoa mwaka 2024. Kwa hiyo mwenye kompyuta yake mwenyewe namshauri aache kivinjari, aweke Thunderbird. Ni ya bure, huzishusha barua zako kwenye kompyuta ukazisoma hata mtandao ukikatika, na herufi za kurukia haziwi na vita. Orodha unaipita kwa mishale, Enter inafungua, Control na R inajibu, Control na Enter inatuma, F6 inakuhamisha sehemu moja ya dirisha hadi nyingine. Punguza safu za orodha zibaki mtumaji, kichwa na tarehe. Halafu, kwenye menyu ya kuangalia, chagua mwili wa barua uoneshwe kama maandishi matupu. Nembo, rangi na picha za matangazo vyote vinaondoka, yanabaki maneno.

Wa simu pia ajipange kwa mtandao. Barua zilizokwishaingia Gmail zinasomeka bila bando, lakini viambatisho hubaki kwenye mtandao mpaka uvifungue. Kama unashuka toka Mbinga kwenda ziwani, au unaelekea Liuli na Lituhi, vifungue na kuvihifadhi kabla ya safari.

Fedha, majedwali na picha

Kiasi cha fedha usikisikie mara moja ukaridhika. Simama juu yake, tembea kwa mshale wa kulia tarakimu moja moja. Kwenye TalkBack chagua kusoma kwa herufi. Sauti inayosoma kwa kasi inaweza kukupa milioni moja na laki nane wakati barua inasema laki moja na themanini elfu, kwa sababu tu ya koma iliyokaa vibaya.

Mfano wa karibu ni wa mkulima wa kahawa wa milima ya Umatengo aliyeletewa na chama chake mchanganuo wa malipo ya msimu. Ukiwa ni jedwali halisi, anabonyeza T kulifikia. Akishikilia Control na Alt pamoja na mshale wa kulia anapita mstari wa daraja la AA: kilo, bei kwa kilo, makato, kiasi kilichobaki. Akishikilia hivyohivyo na mshale wa chini anashuka safu ileile ya bei, AA, A, B, PB, bila kugusa safu nyingine. Kama aliyetengeneza jedwali ameweka vichwa vya safu inavyotakiwa, NVDA hutaja jina la safu kila anapohamia mpya, naye hana haja ya kukariri kwamba ya tatu ni bei. Hivyo anaweza kuuliza swali kuhusu makato akiwa na uhakika wa namba, mbele ya mhasibu yeyote.

Lakini mara nyingi huletewi jedwali. Unaletewa picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, muhuri juu, kidole cha mpigaji pembeni. Kisoma skrini kitasema "picha" na kunyamaza. Kwenye Windows 10 na kuendelea, ifungue picha ijae skrini, bonyeza NVDA na R. Programu itatafuta maandishi ndani ya picha na kukupa uyapitie kwa mishale, na Escape hukutoa. Kiswahili kina bahati hapa: hatuna alama juu ya herufi, hivyo utambuzi uliotengenezwa kwa Kiingereza huzipata herufi zetu vizuri. Namba na majina yahakiki. Kwenye Android kuna Lookout ya Google, yenye sehemu ya kusoma nyaraka. Karatasi iliyokunjika au mwandiko wa mkono vitaishinda, na hapo mwombe mtumaji akutumie maandishi yenyewe.

Kujilinda

Anza na akaunti. Kama aliyekufungulia barua pepe ni kijana wa stesheneri, huenda nenosiri alilichagua yeye na namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni yake. Mtu huyo, hata awe mwema kiasi gani, anaweza kuingia kwenye barua zako muda wowote. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, weka namba yako na nenosiri jipya unalolijua wewe peke yako. Fanya hivi kabla hujapokea barua yoyote ya maana.

Pili, skrini. Wewe huioni, lakini aliye nyuma yako anaiona. NVDA na Control na Escape huwasha pazia la skrini: skrini inakuwa nyeusi na sauti inaendelea. TalkBack nayo ina amri ya kuficha skrini kwenye menyu yake. Tumia spika za masikioni, na ukiwa barabarani au stendi acha sikio moja wazi.

Tatu, matapeli. Mwenye macho hushtuliwa na nembo iliyopinda au rangi isiyo yenyewe. Wewe unayo njia iliyo bora kuliko hiyo, ambayo ni anwani. Jina la mtumaji linaweza kuandikwa chochote. Anwani iliyo nyuma yake ndiyo ya kuamini, na isikilize herufi kwa herufi. Kwa NVDA, bonyeza NVDA na mshale wa juu mara mbili haraka, mstari utaendelezwa. Anwani za ofisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Barua inayojiita ya ajira serikalini, ikataka utume ada kwa simu, na anwani yake haiishii hivyo, ifute au upige simu ofisini kwanza. Kabla ya kubonyeza kiungo chochote, simama juu yake ubonyeze NVDA na K. Utasomewa kinakoelekea hasa. Na tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe mfupi asizisikie mtu mwingine, hata anayekusaidia.

Kuandika na kudai

Unapojibu, NVDA na 2 huwasha au kuzima kusomewa kila herufi unayoandika, NVDA na 3 kila neno. Anayejua kupiga chapa azime herufi abakize neno. Kwenye simu, kibodi ya Gboard hupokea Kiswahili cha kusema, na kwa barua ndefu inaokoa muda, ila majina ya kwetu, Ndunguru, Kapinga, Hyera, huandikwa ovyo. Rudi uyapitie herufi kwa herufi kabla ya kutuma, hasa kwenye maombi yatakayolinganishwa na cheti chako.

Mengine yote yako mikononi mwa wanaokuandikia, na hao wanapaswa kuambiwa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Kupata taarifa kwa njia unayoweza kuisoma ni haki, na hupaswi kuiomba kama fadhila. Maneno haya yahifadhi kwenye rasimu zako, uyatumie kwa chama, shule, benki au ofisi ya kata, ukibadilisha panapohitajika:

"Ndugu, salaam. Mimi sioni na barua pepe nazisoma kwa programu inayosoma maandishi kwa sauti. Naomba barua zangu ziandikwe kwenye mwili wa barua pepe au kwenye faili la Word, zisiwe picha ya karatasi. Kichwa cha barua kitaje jambo lenyewe. Kama kuna kiambatisho, naomba mstari mmoja unaoeleza kilichomo. Kama kuna jedwali, naomba mstari wa kwanza uwe na majina ya safu. Nikijibiwa, jibu liwe juu na barua za zamani ziondolewe. Naomba pia taarifa zangu zitumwe kwenye anwani hii tu, zisipitie kwa mtu mwingine. Ahsante."

Ukituma, andika tarehe, na wasipofuata tuma tena ukiambatanisha ile ya kwanza.